Kinyumenyume Nyikani

Mume wangu ana ugonjwa mmoja: akishaweka jicho kwenye kamera, anarudi kinyumenyume. Hageuki ng'o. Studio yetu ni chumba kimoja tu, na mgongo wake umeuzoea ukuta; akiugusa anasimama, anabonyeza. Rangi pale imeshabanduka.

Mimi kazi yangu ni wateja. Nawapaka poda, nawaweka sawa. Nikiona shati limekaa upande nasema, "Kola," naye anaganda hapo hapo, jicho kwenye kamera, mpaka nitengeneze niseme, "Haya." Ndivyo tunavyofanya kazi, hatuna maneno mengi.

Sasa hoteli moja ikamtaka picha ya jua likizama mbugani, ya kutundika mapokezi. Nikamwambia, baba watoto, wewe wa harusi na paspoti, nyika unaijulia wapi? Akajitia hamnazo, akaazima gari la kaka yangu. Nikaenda naye. Mtu mwenye kichwa kigumu namna ile humwachi peke yake.

Askari wa getini aliinama dirishani. "Hakuna kushuka. Kuna nyati mzee anakaa peke yake, mkali, na kwenye nyasi ndefu humwoni. Na honi msipige, mtamkurupusha."

"Sawa, afande," akajibu mume wangu, kwa adabu ya mtu ambaye hajasikia hata neno moja.

Tukasimama mahali peupe. Upande wangu nyasi zilikuwa ndefu, zinafika kifuani. Jua likashuka, mbingu yote ikawaka, mawingu yakawa mekundu hadi kule mwisho wa macho. Zuri lilikuwa zuri, sikatai. Ila mwenzangu alishafungua mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Kioo kina vumbi. Mara moja tu, mama."

"Askari kasema nini?"

"Askari si mpiga picha."

Akaenda mbele ya gari, akapiga. Mimi roho juu juu. Akapiga tena, akataka mti mmoja uingie wote, akaanza kurudi nyuma. Akaipita boneti. Akapita dirishani kwangu, jicho kwenye kamera, anaelekea kwenye nyasi. Nikatazama anakokwenda, nikaona sikio likipigapiga nzi. Chini ya sikio, pembe.

Honi ingemkurupusha yule mnyama, na aliyekuwa mbele yake ni mume wangu. Nikimwita jina atanijibu kwa sauti, namjua, atataka tubishane. Akarudi hatua nyingine. Hakuna ukuta kule, nikawaza, huyu hatasimama.

"Kola," nikasema.

Akaganda.

"Sasa njoo mbele. Polepole. Usigeuke."

Akaja. Alipokaa kwenye usukani uso ulikuwa umemvimba kwa hasira.

"Kola ya nani huku porini?"

"Kuna nyati."

"Nyati gani? Mbona sikumwona? Wewe mwanamke woga utakuua." Akachungulia picha zake, akasonya. "Mti umekatika. Jua bado lipo, naongeza moja tu." Akashika kitasa cha mlango.

Nikamgeukia nimtukane. Naye akanitazama, halafu akatazama chini, miguuni kwangu.

"Kiatu chako kiko wapi?"

Mguu wangu wa kulia ulikuwa mtupu, umegandwa na mbegu za nyasi. Mlango wangu ulikuwa wazi.

"Sijui. Mimi nilikaa hapa hapa."

"Hukukaa. Umenishika shati kwa nyuma. Umenisemea sikioni."

"Nimekusemea kutoka garini."

"Mama," akasema, na hasira ilikuwa imemtoka, "umenisukuma mpaka hapa garini."

Sikumbuki. Hadi leo sikumbuki. Tukatazama nje wote wawili. Ndara yangu ilikuwa kule kwenye nyasi zilizolala, mbele zaidi ya pale aliposimama yeye, yaani nilimpita nikakaa katikati yake na nyati. Nyasi zikafunguka, nyati akainuka, mkubwa, matope yamemkauka mgongoni. Akainamisha kichwa, akainusa ndara.

Mume wangu akaachia kitasa. Akanyoosha mkono mbele yangu, akauvuta mlango wangu taratibu mpaka ukafunga, kisha akanishika mkono asiuachie. Jua likazama lote mbele ya kioo, jekundu kuliko yote aliyopiga, na hakulitazama.