Injini Kwenye Sinki la Mama

Baba yangu watu wanamwita Fundi Kesho, na aliyempa jina hilo hakumsingizia. Anayeumia ni mimi. Hospitali imenipa kazi ya kuchukua sampuli za damu kwenye zahanati na kuzipeleka maabara, kwa sharti moja tu: Jumatatu nifike na pikipiki yangu mwenyewe. Pikipiki ninayo. Baba alinipa ile yake ya zamani alipoacha kazi ya gereji, mbele ya Mama na shangazi yangu, kwa hiyo hawezi kukana. Ila injini yake imefumuliwa, iko jikoni, na Baba anaisugua.

Hasa anasugua bodi, yale mapande mawili ya alumini yanayokutana na kufunga kila kitu kinachozunguka ndani ya injini. Alianza kwa kutoa grisi kwa mafuta ya taa na mswaki. Hapo sikulalamika, uchafu ulikuwa umeganda kama ukoko. Akabandua rangi ya zamani, akapiga mpya, nikafurahi. Asubuhi namkuta ameibandua. "Imeweka mapovu," ananiambia. Mapovu yenyewe niliyatafuta mpaka macho yakaniuma. Akapaka tena, akaibandua, eti imepauka. Kisha akaamua rangi haifai kabisa, bora aing'arishe ikiwa tupu, kwa msasa laini na maji, mpaka nikajiona meno humo.

"Bado kidogo," akasema.

Bado kidogo hiyo imenifikisha hapa kooni. Mtu ukimuuliza lini, anainua bodi, anaigeuza kwenye mwanga, anaguna kama daktari aliyeona jambo kwenye picha ya mapafu. Halafu anatumbukiza msasa majini, anaendelea. Nimepigwa danadana na watu wengi maishani, lakini si na baba yangu mzazi.

Faraja yangu ilikuwa Mama. Mama alilalamika kuliko mimi. Sinki lake limegeuzwa gereji, sufuria zinanuka mafuta ya taa, na rangi ile ambayo ni lazima iokwe ili ishike, Baba aliioka kwenye oveni yake, mkate wa wiki ile ukaja na ladha ya geti jipya. "Huyu mwanaume atanitoa roho," alikuwa akisema, nami naitikia kwa moyo wote. Nilijua katika nyumba hii tuko wawili dhidi ya mmoja.

Jumamosi Baba akatoka kwenda kununua msasa mwingine. Nikasema liwalo na liwe, naifunga mwenyewe. Kazi hiyo naijua, nimekua nikimshikia spana. Nikatandaza gazeti mezani, nikatoa gasketi mpya ya kuziba maungio, na kabla ya kuiweka nikapitisha kidole kwenye ukingo wa bodi, pale pande mbili zinapokutana. Kidole kikakwama kwenye mikwaruzo.

Bodi kwa nje unaweza kuisugua utakavyo. Ukingo ule hauguswi na msasa hata siku moja. Lazima uwe sawa kabisa, la sivyo oili itavuja na injini itakufia njiani. Kila anayeingia gereji huambiwa hivyo siku ya kwanza, na mimi niliambiwa na Baba mwenyewe, kwa ukali mpaka nikalia. Sasa ukingo ulikuwa umekwaruzwa kutoka ndani hadi nje, mstari baada ya mstari, pande zote mbili.

Alipoingia nikamwonyesha. Akauweka msasa mpya mezani.

"Mkono uliteleza," akasema.

"Pande zote mbili, Baba?"

Akakaa kwenye kiti bila kuvua kofia. Nami nikayamwaga yote. Nikamwambia kama hakutaka kunipa pikipiki angesema, asingenizungusha kama mjinga, kwamba kazi hii nimeitafuta mpaka soli za viatu zimeisha na yeye anaiua kwa msasa. Machozi yakanitoka kwa hasira, na hilo likanikasirisha zaidi. Baba hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia Mama, aliyesimama sinkini akiosha mchele.

"Mwambie wewe," akamwambia.

Mama akafunga bomba.

"Ni mimi niliyemtuma," akasema. "Alikataa. Nikamlazimisha."

Nikairudisha bodi mezani.

"Baba yako ameendesha hiyo pikipiki tangu hujazaliwa," akaendelea. "Kila jioni nakaa dirishani nasikiliza. Inapita moja, si yake. Inapita nyingine, si yake. Chakula kinapoa, wewe unaniuliza baba yuko wapi, nakudanganya. Alipoiacha ndipo nilipoanza kulala usingizi. Leo unataka nianze upya, na safari hii nikungoje wewe."

Hasira haikuisha, nisiseme uongo. Ilikosa tu mtu wa kumwangukia.

"Ungeniambia, Mama."

"Ungeiacha kazi?"

"Nisingeiacha."

"Sasa ningekwambia nini?"

Baba akakohoa. "Nilikwaruza juu juu," akasema, akiitazama kofia yake ambayo sasa alikuwa ameivua. "Fundi wa kerezo ana mashine ya kuchonga vyuma, ataisawazisha leo leo."

Mama akamgeukia taratibu. "Nilikwambia uiharibu."

"Nimeiharibu," akasema Baba. "Kidogo."

Nikazifunga zile pande mbili kwenye taulo, nikazikumbatia kifuani maana ni nzito.

"Naenda kwa fundi wa kerezo," nikasema. "Jumatatu naanza kazi. Kuna siku nitachelewa kurudi, Mama. Usiwe unaningoja."

Mama akajifuta mikono. Akavuta kiti cha mezani, akakisogeza mpaka dirishani, akakikalia kuona kama kitamfaa.