Mgongo wa Kaka

Jukwaa lilikuwa na ngazi tano, na mimi natembelea magurudumu. Tatizo lenyewe ndilo hilo.

Shindano la dansi lilikuwa jioni. Mchana msimamizi wa ukumbi akatuambia huku anatabasamu, "Msijali, wazee wangu. Nimepata vijana wanne. Watawabeba."

"Kama magunia ya saruji?" akauliza mwenzangu wa dansi. Yeye ni fundi cherehani, ana mguu mmoja na mkongojo, na ulimi wake hauhitaji kunolewa.

"Kwa heshima, mama."

"Basi na wachezaji wengine wabebwe. Wote. Kwa heshima hiyo hiyo."

Kaka yangu akaingilia. "Vijana wa nini? Mimi nipo. Huyu nimembeba tangu hajaota meno."

Ni kweli. Alinibeba mgongoni kwenda shule mpaka nilipoiacha, akanibeba siku ya harusi yangu, akanibeba tulipomzika mama. Mtaani wanamwita Punda, na anaitika.

"Leo hunibebi," nikamwambia.

"Acha ubishi, bwana mdogo. Utapanda na nini, mabawa?"

"Sipandi. Nacheza chini."

Mwaka uliopita tulikubali kubebwa. Tulipowekwa jukwaani watu wakapiga makofi, na tulikuwa hatujacheza hata hatua moja. Kisha tukacheza vizuri kuliko siku zote, wakapiga makofi yale yale. Ya pole. Safari hii nilitaka waipigie makofi dansi.

"Lakini chini kuna meza ya majaji," msimamizi akalalamika. "Na waliokaa nyuma hawataona."

"Watasimama," akasema fundi cherehani. "Si wana miguu?"

Msimamizi akaja nyuma yangu anisogeze pembeni tuzungumze. Akashika hewa, nusura aanguke. Asubuhi ile, karakanani kwangu ninakochomelea vyuma, nilikuwa nimeikata mishikio ya nyuma ya kiti. Nilichoka kusukumwa na watu ambao hata salamu hawajanipa.

Kaka ndiyo kwanza anaona. "Umeikata? Sasa nitakushika wapi?"

"Usinishike."

Uso ukamshuka. Mimi si mtu wa kubembeleza, nikaongeza, "Kama mgongo unakuwasha, beba meza ya majaji."

Akaondoka.

Jioni tukaitwa. Tukasogea hadi mbele, tukasimama chini ya jukwaa, mbele ya meza ile. Majaji wakatutazama, kisha wakamtazama msimamizi, naye akatazama viatu vyake. Hapo nikamwona kaka anainuka kwenye viti vya nyuma. Nikajua anakwenda zake nyumbani.

Alikuja moja kwa moja, akainama, akaibeba meza nzima na karatasi na glasi za maji. Majaji wakabaki na kalamu hewani.

"Samahanini, pisheni kidogo. Watu wanataka kucheza."

Glasi zikaanguka. Mpiga tumba akacheka, akashuka na tumba yake.

Tukacheza. Nilizunguka, fundi cherehani akazunguka nami, mkongojo wake ukigonga sakafu sawasawa na tumba. Katikati ya wimbo gurudumu dogo la mbele likang'oka. Nikaegemea nyuma, nikabaki juu ya yale makubwa mawili, naye akaniegemea begani, tukaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho. Makofi sikuyasikia. Nilisikia ugomvi: "Kaa chini wewe, tuone!" "Kaa wewe na kichwa chako!" Watu walikuwa juu ya viti. Makofi yalikuja baadaye, na yakakataa kwisha.

Tulishinda. Lakini lililonifurahisha zaidi ni wachezaji waliotufuata, wenye miguu miwili miwili. Walikataa kupanda jukwaani. Walitaka pale pale tulipochezea sisi.

Gharama yake ni hii: mishikio miwili, gurudumu moja, glasi tatu za ukumbi, ngozi ya kiganja changu cha kulia. Na mgongo wa kaka, maana hanibebi tena. Mvua ikinyesha, njia ya kwetu inakuwa tope tupu, nami napanda mwenyewe, jasho linanitoka hadi kwenye macho. Kaka ananisubiri juu ya kilima, mikono mfukoni, ananitukana niongeze mwendo.