Alama za Fundi Funguo

Fundi Funguo hakuwa na vitu vingi. Hakuwa na gari, ingawa alifungua magari ya watu. Hakuwa na jino la mbele upande wa kushoto, wala miwani iliyokaa sawa puani, wala nywele za kumpa kinyozi jirani kazi ya zaidi ya dakika tano. Hakuwa na mtoto wa kiume; alikuwa na mabinti watatu, na kila mmoja alimshinda kwa maneno. Hakuwa na subira na watu wanaolazimisha ufunguo kwenye kitasa kisicho chake. Na zaidi ya yote, hakuwa na deni. Hilo la mwisho alilitaja mwenyewe, bila kuulizwa, mara kadhaa kwa siku.

"Mimi sidaiwi hata njiti ya kiberiti," alikuwa akimwambia kinyozi. "Kukopa harusi, kulipa matanga."

Mkewe, aliyeshonea watu nguo pale sebuleni, alikuwa ameusikia wimbo huo kwa miaka thelathini na tatu. "Baba watoto, wewe hukopi kwa sababu hujui kuomba," alimjibu siku moja. "Hata mimi hukuniposa. Ulisema tu, 'Kwenu kitasa ni kibovu, nitarudi Jumamosi.'"

Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu, kati ya kinyozi na duka la dawa. Ndani mlikuwa na mashine ya kuchonga funguo, kiti, na funguo tupu mia nne, zisizochongwa bado, zilizotundikwa kwa safu. Kazi ilikuwa ikienda vizuri mpaka magari yalipoanza kuwa na akili. Ufunguo wa siku hizi una kidude ndani yake kinachozungumza na gari, na mashine ya fundi haikujua lugha hiyo. Alichonga chuma kwa usahihi wa unywele, ufunguo ukaingia, ukazunguka, gari likanyamaza. Wateja wenye magari wakahamia kwa fundi wa mtaa wa pili. Kodi ya pango ikawa inalipwa kwa shida, na Fundi Funguo akajua kwamba miaka michache zaidi ya namna hii ingemfungia kibanda.

Iliuzwa mashine inayojua kuzungumza na magari. Wakala wa mashine hizo alimtajia bei. Akiba yake ilitosha theluthi moja.

"Kopa, mzee," wakala alisema.

Fundi Funguo alinuna wiki nzima, kisha akavaa shati la mikono mirefu akaenda benki.

Dirisha la mikopo lilikuwa la binti mmoja mchangamfu mwenye kalamu tatu nyweleni. Aliingiza namba ya kitambulisho cha fundi, akangoja, akakunja uso. "Baba, hatukujui."

"Hamnijui? Hilo kabati la chuma nyuma yako, nani alilifungua meneja alipopoteza ufunguo? Na najua mnachoweka ndani. Majani ya chai na kandambili."

Binti alicheka hadi kalamu moja ikaanguka. "Mimi nakujua, baba. Kompyuta ndiyo haikujui. Kila aliyekopa ana alama za mkopo, zinazoonyesha kama ni mlipaji na kama analipa kwa wakati. Zako hazipo."

"Maana yake nina sifuri?"

"Sifuri ingekuwa afadhali. Tungekuwa na pa kuanzia."

"Binti yangu, tangu nizaliwe sijadaiwa na mtu."

"Ndilo tatizo lenyewe, baba."

Alirudi kibandani akiwa amefura. "Unasikia?" alimwambia kinyozi. "Yaani mlevi aliyekopa akalipa mara mbili anaheshimika benki kuliko mimi!"

"Basi kopa kidogo wakujue," kinyozi alisema.

Akakopa kidogo, Jumatatu, fedha za kununulia funguo tupu. Jumanne asubuhi, kabla mlinzi hajafungua mlango wa benki, Fundi Funguo alikuwa amesimama nje na fedha zote ndani ya bahasha ileile waliyompa.

"Dawa ya deni kulipa," alitangaza dirishani, kwa sauti ya kuwafikia wote waliopanga foleni.

Binti alijishika kichwa. "Baba, umelipa hata kabla deni halijakuzoea. Kompyuta inataka ikuone miezi kumi na miwili."

"Yaani inataka niteseke?"

"Inataka kuona utafanya nini ukiteseka."

Akaanza upya. Alinunua kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu. Siku ya kulipa ilikuwa tarehe tano. Yeye alifika tarehe tatu, mvua inyeshe, jua liwake. Hata hivyo alikosea. Mwezi wa tano alipita benki tatu kwa wiki moja akiulizia mkopo, ili alinganishe riba, na alama zikashuka.

"Baba, mtu akikuona unabisha hodi nyumba tatu kwa asubuhi moja, atajua umefukuzwa kwako," binti alimwambia.

Baadaye muuza vifaa alimfungulia akaunti ya kuchukua mali na kulipa mwisho wa mwezi, yenye kikomo. Fundi akachukua mpaka senti ya mwisho ya kikomo, akiona ni utovu wa shukrani kubakiza. Alama zikashuka tena.

"Ukikaribishwa chakula, usikombe sufuria," binti alisema. "Chukua theluthi, wataona umeshiba."

Na alipomaliza mkopo wa mwaka, alitaka kufunga akaunti kwa sherehe, akasaini na fomu kabisa. Binti aliinyakua. "Usiifunge! Hii ndiyo shahidi wako wa muda mrefu kuliko wote."

"Unamkataza fundi makufuli kufunga kitu?"

"Namkataza."

Akaiacha wazi, akakopa tena kidogo, akalipa tena kwa tarehe. Miaka miwili ikapita hivyo, na siku moja binti alimgeuzia kompyuta ili aone kwa macho yake: mia saba sitini na nane, kati ya mia tisa. Pembeni paliandikwa "Bora sana."

Tangu hapo hakukukalika naye. Aliyemwuliza habari za asubuhi alijibiwa, "Mia saba sitini na nane." Mchumba wa binti yake wa mwisho alipokuja kujitambulisha, amekaa pembeni ya kochi na amekunja mikono kwa adabu, Fundi Funguo alimtazama juu ya miwani.

"Na alama zako ni ngapi, kijana?"

"Za shule, mzee?"

"Za mkopo."

"Mia tano na... themanini."

"Kunywa soda yako," Fundi Funguo alisema. "Hakuna haraka."

Binti yake hakumsemesha kwa siku nne. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," mkewe alisema, akikata uzi kwa meno. "Zishuke hata ishirini tu, tupumzike."

Mkopo wa mashine ulihitaji alama mia saba na ishirini. Wakala alikuwa amebakiwa na mashine moja ya bei ya zamani, akaahidi kuishikilia mpaka Ijumaa jioni. Jumatano binti wa benki alitayarisha karatasi za kusaini. Fundi angeweza kusaini palepale. Lakini aliomba achapiwe kwanza ripoti yake yote ya mikopo, kurasa nne, aiweke kwenye fremu na kuitundika kibandani mahali pa orodha ya bei.

Aliisoma nyumbani, juu ya meza ya mkewe, kati ya mkasi na vifungo. Alipofika ukurasa wa tatu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama watoto, sisi tuna friji?"

"Tuna nini?"

"Friji. Milango miwili. Imeandikwa tuliikopa, tukailipa miezi thelathini na sita, na hatukuchelewa hata siku moja."

Mkewe aliondoa mguu kwenye cherehani, akageuka kutazama jikoni, kana kwamba friji ya milango miwili ingeweza kujificha nyuma ya ndoo. "Kwa hiyo kuna mwanamke mwenzangu mahali fulani anakunywa maji baridi," alisema, "na sifa zinaletwa kwangu!"

Alhamisi fundi alikuwa dirishani mapema. Binti alisoma ukurasa, akabonyeza, akashusha sauti. "Si yako, baba. Iliingizwa kwako mwaka jana, ofisi ya taarifa za mikopo ilipohamisha mafaili. Huyu mtu ana majina matatu kama yako, na namba za vitambulisho vyenu zimepishana tarakimu moja."

"Ikiondolewa?"

"Unashuka. Mia sita themanini hivi. Mkopo huu hautapita. Itabidi ungoje mwaka, pengine zaidi."

"Na nisiposema?"

Binti alizigusa kalamu zake nyweleni. "Hapa huja watu kukana madeni, kila siku. Sijaona bado aliyekuja kukana sifa."

Fundi Funguo alikaa akiikunja ripoti, akiikunjua. Alikuwa ameshapanga hata pa kuiweka mashine, akapima kwa kamba. Kisha akauliza, "Huyo mwenye friji, kompyuta inamwonaje?"

"Faili lake liko kwako, baba. Haimwoni. Akija kukopa, anaambiwa..."

"Anaambiwa hatukujui."

"Ndiyo."

"Miezi thelathini na sita!" Fundi alisema, karibu kwa hasira. "Mimi najua miezi kumi na miwili ina urefu gani. Nipe anwani ya hiyo ofisi."

Ijumaa mchana alikaa nyumbani kuandika. Alikuwa na mwandiko wa kulala upande mmoja, nao aliuonea fahari. Alikuwa katikati ya aya ya kwanza simu ilipolia.

"Mzee, vipi?" Ilikuwa sauti ya wakala. "Fundi wa mtaa wa pili yuko hapa, anataka mashine ya pili, na fedha anazo mkononi. Nimwambie nini?"

Cherehani ikanyamaza.

"Mwambie asome kwanza kitabu cha maelekezo," alisema. "Vijana hawa huanza kubonyeza tu."

Akakata simu. Mkewe aliuacha mstari mzima uandikwe, ndipo akauliza, "Na pango?"

"Nitachonga za milango. Watu bado wanalala ndani ya nyumba. Na mwakani nitakuwa nimefika kwa miguu yangu mwenyewe."

"Basi andika vizuri. Isije ikaonekana tuliiba friji ya watu."

Akaandika vizuri. Aliandika kwamba friji iliyotajwa ukurasa wa tatu haikuwahi kuingia nyumbani mwake, na mkewe ni shahidi. Kwamba sifa ya kuilipa ni ya mwenyewe, naye arudishiwe yote, mwezi kwa mwezi, bila kupunguzwa hata mmoja. Aliandika kwamba anajua alama zake zitashuka, naye anaomba zishushwe kiasi cha friji tu, si zaidi, kwa kuwa zilizobaki amezitafuta kwa jasho.

"Ongeza salamu," mkewe alisema begani kwake. "Mwambie mwenye friji amelipa vizuri."

"Hii ni barua ya kiofisi, mama watoto."

"Kwani ofisini hawasalimiani?"

Akaongeza. Kisha, chini ya sahihi, akaandika mstari mmoja kwa ajili yake mwenyewe: "Tafadhali nijulisheni kama kuandika barua ya namna hii kunapunguza alama."

Alikunja karatasi mara tatu, akapitisha ulimi kwenye gundi ya bahasha, akaikandamiza kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, akaenda posta kabla haijafungwa. Karani aliipima.

"Ya kawaida au ya rejesta, mzee?"

"Ya rejesta. Na unipe risiti."

Karani akagonga mhuri mara mbili, akaitia kwenye gunia pamoja na nyingine.