Gari Lililofia Langoni

Oyugi alirudi nyumbani kwake akakuta njia imezibwa. Alikuwa amelala ndani ya jeneza, ndani ya gari la maiti lililotoka Kisumu asubuhi, likapita Ahero, likaacha lami baada ya Katito na kupanda polepole kuelekea milima ya Nyakach. Mbele ya lango alilolichomelea kwa mikono yake mwenyewe, gari jeusi la kifahari la mdogo wake Absalom lilikuwa limekaa katikati, pua ndani ya boma, mkia nje, kama fahali aliyekwama mlangoni mwa zizi.

Mkewe Dorca aliteremka kutoka gari la maiti akiwa amevaa koti la marehemu juu ya gauni lake, kama ada inavyotaka. Koti lilimmeza. Mikono yake ilifika mbali kuliko vidole. Watu walimpisha, na wala si kwa heshima. Walimpisha kama mtu anavyompisha aliyebeba makaa kwenye kigae. Mjane ambaye mumewe hajazikwa hana mtu wa kumshika mkono. Wanawake wa kanisa alioimba nao miaka nenda miaka rudi walimwamkia kwa mbali. Nyumbani kikombe chake kilikuwa kimeshatengwa, kimefunikwa peke yake dirishani. Walikuwa wakiimba kwamba mauti imeshindwa, huku wakikusanya pindo za nguo zao zisimguse. Dorca aliyaona yote akayameza, nayo yakamkaa kooni kama mwiba wa samaki ngege.

Gari lile halikuwa limeletwa langoni kwa bahati mbaya. Absalom alikuwa amewasili jana yake kutoka Nairobi, akaliegesha pale makusudi, ili kila ajaye kutoa pole ajibane ubavuni mwake na kulitazama vizuri. Vijana wakalifungulia milango, wakapiga muziki wa matanga mpaka alfajiri. Kwa kuwa stima ilikuwa imepotea, nusu ya kijiji ikaleta simu kuchajiwa. Nyaya zikaning'inia kutoka humo kama matumbo ya mbuzi aliyepasuliwa. Kulipokucha, gari lilikuwa kimya.

Sasa Absalom alisimama na ufunguo wake usio na meno, anabonyeza, gari haliitiki. Alikuwa ametoa kile kiufunguo cha chuma kinachofichwa ndani ya ufunguo, akafungua mlango wa dereva, akakuta giza tupu. Frankline, mtoto wa pekee wa Dorca, akajaribu honi: kimya. Akajaribu taa: hata ule wekundu hafifu wa betri inayokata roho haukuonekana. Kijana huyu alikuwa akivuta nyaya za umeme majumbani huko Otonglo, na magari aliyajua kwa kuyatazama kwenye simu yake tu.

"Ni kompyuta yake," Absalom akasema, akiwatazama wanakijiji mmoja mmoja. "Halafu watu wa huku mna macho mabaya."

Waswa, dereva wa gari la maiti, Mbukusu mwenye tumbo na utani usiojua msiba, alikuwa amekwisha kufika na kipima umeme chake. Boneti ilifunguliwa, akagusisha ncha mbili, akaangalia, akacheka puani.

"Halijarogwa hili, bwana mkubwa. Mmelala mkilikamua kama ng'ombe wa kuazima, asubuhi mnamtafuta mchawi."

Wapo waliocheka, wakakumbuka walipo, wakakohoa. Kisha wanaume walivua makoti wakalisukuma. Halikutikisika. Gari la mtu wa kawaida likizimika, unalitoa gia, unalisukuma kama mkokoteni wa maji. La tajiri likikosa umeme hugeuka jabali: gia imefungwa, breki imefungwa, usukani umefungwa, na kila kifungo cha kufungulia kinataka umeme uleule ambao haupo. Viatu vya wanaume viliburura vumbi mpaka Mzee Owiti, baba mdogo wa marehemu, akawaambia waache kabla hawajateguka viuno.

Jua lilikuwa limekaza. Absalom akajifuta shingo, akatoa shauri kwamba ua wa minyaa ukatwe hapo pembeni, jeneza lipitishwe, mambo yaishe. Karne hii watu wanagombania lango kweli? Mzee Owiti hakupandisha sauti. Alieleza tu, kana kwamba anamweleza mgeni, kwamba wanaopitishwa kwenye ufa wa ua ni wale waliokufa bila kuanzisha mji. Oyugi alikuwa na mji. Mwenye mji huingia kwa lango lake.

Dorca alishusha pumzi. Angalau hilo.

"Basi si kazi," Waswa akasema. "Mimi nina nyaya za kugawia moto. Nasogeza langu hapa, tunaunganisha betri kwa betri, muda wa kunywa chai hivi, linaamka."

Absalom aliliangalia gari la maiti, na msalaba mweupe ubavuni mwake, na pazia la zambarau. Uso wake ukabadilika.

"Hapana."

"Umeme ni umeme, bwana."

"Gari langu halitanyonya gari la maiti. Mimi napanda na watoto humu."

Hapo ndipo wengi walipoinamisha vichwa kumkubalia, hata Mzee Owiti. Kinachopewa uhai na mauti, walisema, siku moja kitadaiwa. Dorca alimkodolea macho shemeji yake. Huyuhuyu. Sasa hivi lango la kakake lilikuwa ushamba. Betri yake ilipoguswa, mila zote zikamrudia, zikamkaa mwilini kama suti aliyoshonewa. Hasira ilimpanda Dorca, karibu imtoke kwa sauti. Lakini mwanamke aliyeolewa hujifunza kuuma ulimi mpaka ulimi unaota sugu.

Absalom alikuwa amepata dawa nyingine. Alimshika Frankline bega, akamtembeza pembeni, akamkumbusha kwa sauti ya kusikiwa kwamba nafasi ile ya kazi Nairobi bado ipo. Kisha akamwambia aingie chini ya gari, avute kamba ya kulegeza gia, halafu azifungue breki za nyuma kwa spana, moja baada ya moja. Mteremko upo; litashuka lenyewe. Frankline akasema ndiyo, amewahi kuona video ya kazi hiyo. Ameona video. Na wewe mwenye mtoto, ukisikia wako anasema hivyo, usingoje amalize sentensi.

"Wekeni mawe kwanza nyuma ya magurudumu," Dorca akasema.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kunena tangu afike, na watu waligeuka kama vile koti ndilo lililonena.

"Mama Frankline, mawe yatakwaruza rimu," Absalom akajibu kwa upole wa mtu anayesikiwa na wengi. "Halafu tukiliwekea mawe litashukaje? Haya ni mambo ya wanaume. Nenda ukakae na mume wako."

Akaenda. Miguu ilimpeleka, ile miguu iliyozoea kutumwa. Aliketi kwenye ngazi ya gari la maiti, mgongo umeegemea jeneza, akaitazama miguu ya mwanawe ikipotea chini ya lile tumbo jeusi, goti, kisha ndara, kisha wayo mmoja tu. Gari lililozimika si gari lililokufa. Limelala, na hakuna ajuaye limelalia ubavu gani.

Ikasikika sauti ya chuma kulegea. Frankline akasema kutoka chini kwamba gia tayari. Spana ikagonga, ikagonga tena. Halafu kitu kikaachia ndani ya gurudumu na gari zima likaporomoka kwa nyuma.

"Nyathina!"

Mtoto wangu: ndilo neno pekee lililomtoka, kwa Kijaluo cha mamake. Gari halikwenda mbali. Pua ilipofika mdomoni mwa lango, kona ya mkia ilijibamiza kwenye nguzo ya stima iliyo nje, chuma kikalia, likasimama likitetemeka, limeshikwa na nguzo na breki moja iliyobaki. Wanaume walimvuta Frankline kwa miguu. Alitoka shati limeraruka begani, ngozi imechunika, macho makubwa, vumbi mdomoni. Alikuwa mzima. Gurudumu lilikuwa limekanyaga mahali kichwa chake kilipokuwa, na spana ilionekana pale imezama udongoni.

Absalom alikuwa amechutama. Dorca alidhani anamwangalia mtoto. Alikuwa akiupapasa mkia wa gari, palipobonyea, kwa ncha za vidole, kama mtu anayempapasa mgonjwa. Alipoinuka alisema, bila ubaya wowote sautini, na huo ukosefu wa ubaya ndio uliokuwa mbaya kuliko tusi:

"Moja imeachia. Bado hii nyingine. Umekaribia, kijana, rudi umalizie."

Na Frankline, Mungu wangu, akaanza kuinama.

Dorca aliinuka. Alipopiga hatua ya kwanza watu walimpisha. Alipopiga ya pili wakapisha zaidi, wakikanyagana, na kwa mara ya kwanza tangu Oyugi akate roho, ile nafasi waliyomwachia haikumchoma. Aliitazama ikifunguka mbele yake, pana, safi, hakuna wa kuikatiza. Walikuwa wamemtengea njia siku zote hizi, naye alikuwa akiona ni ukuta.

Absalom aliinua kiganja. "Shemeji, hapo usifike."

Akafika. Akampita, naye Absalom akarudi nyuma ili koti lisimguse. Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Viti vilikuwa vya ngozi rangi ya maziwa, vingali na harufu ya dukani. Dorca aliingia, akaketi, akalitandaza koti la marehemu kila upande, pindo moja likafunika kiti cha pembeni. Kisha akaushika usukani kwa mikono miwili, akaupapasa mzunguko mzima. Aligusa vifungo. Aligusa kioo. Aligusa ile picha ndogo ya watoto iliyoning'inia hapo, na hiyo aliigusa taratibu, kwa maana watoto hawakumkosea.



"Mlisema nisiguse vitu vya watu mpaka nitolewe mikosi," alisema. "Kikombe changu mmekitenga. Hata pole mnanitupia kwa mbali. Sawa, nimenyamaza. Sasa shemeji, Baba Debra, gari lako limekaliwa na kifo. Hakuna tena cha kulinda. Waswa, leta nyaya."

"Toka humo," Absalom akasema, na sauti ikamkatika katikati.

"Nitoe."

Aliwaangalia wote, wanaume wa ukoo, wenye mabega yao. Alimwangalia Mzee Owiti. Mzee aliangalia chini, na Dorca akaona pembe ya mdomo wake ikicheza, sijui kwa aibu, sijui kwa kitu kingine. Hakuna mkono ulioinuka.

"Na mawe," Dorca akaongeza. "Makubwa. Kila gurudumu. Rimu zikikwaruzika zikwaruzike."

Mawe yakaletwa mbio. Waswa alisogeza gari la maiti, akaliegesha sambamba, pua kwa pua, Oyugi akiwa bado ndani yake, akatandaza nyaya zake mbili, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye chuma, bila mzaha hata mmoja. Injini ya gari la maiti ikanguruma. Wakangoja. Dorca alihisi mtetemo ukipita kwenye nyaya, au alidhani anahisi. Akawaza kwamba safari yote ya asubuhi Oyugi alikuwa amebebwa, na sasa, kabla hajaingia kwake, amepewa kazi moja ya mwisho. Alikuwa mtu wa kazi. Asingekataa.

Taa zikawaka ghafla, zote, nyekundu na manjano na buluu, kama mji wa Kisumu ukiutazama kutoka kilimani Riat. Gari likalia kengele zake, likilalamikia breki iliyofunguliwa, mlango ulio wazi, mkia uliobonyea.

"Betri tu," Waswa akasema. "Niliwaambia. Halina ugonjwa mwingine."

Frankline alikuja mlangoni. Dorca akasogea kiti cha pembeni, yeye akaingia kwenye usukani juu ya pindo la koti la babake. Kabla hajagusa gia, aliweka kiganja chake chenye grisi juu ya mkono wa mamake, akakiacha hapo, mbele ya watu wote. Kisha akakanyaga breki, akalisogeza gari mbele polepole hadi kando ya ghala, mawe yakabaki nyuma. Lango likabaki wazi. Mwenye mji akaingia.

Walimzika kesho yake, kwa nyimbo. Absalom alisoma wasifu wa marehemu vizuri, akalia pale pa kulia. Jioni aliondoka kwenda Nairobi ndani ya gari la wakwe zake, amebanwa kati ya mashangazi wawili. Ufunguo aliuweka juu ya jiwe, akamwambia Frankline kwamba atatuma mtu siku moja, baada ya maombi, au baada ya mila, ataona. Hakumtazama Dorca.

Wiki ya pili gari lilikuwa bado pale. Kuku walitaga chini yake. Watu wa kutoa pole walipita mbali nalo kama walivyopita mbali naye.

Alasiri moja, hema la matanga bado limejaa wazee, Dorca aliufungua mlango kwa kile kiufunguo cha chuma, akaingia, akaufunga. Ulifungika kwa sauti nzito, laini, na ulimwengu wote ukakatika: kuku, redio, maombi. Akakaa. Hakuna aliyemwambia asogee. Ndipo kile kilichomkaa kooni kilipotoka. Alilia kwa mdomo wazi, akalia mpaka vioo vikafanya ukungu, na nje hakuna aliyegeuza shingo.

Frankline aligonga kioo. Kioo hakikushuka, betri ilikuwa imeisha tena. Aliiona midomo ya mwanawe ikisema mama, kisha neno jingine ambalo halikupenya. Dorca alipangusa ukungu kwa mkono wa koti, akamwonyesha kwa kidole kiti cha pembeni.

Kijana aliwatazama wazee hemani. Walikuwa wamegeuka kumtazama, wote, vikombe mkononi. Akaweka mkono wake juu ya kitasa.