Ndeke ya Felistus na Saa ya Bwana

Jumamosi ya Pasaka, mwaka wa hamsini na sita, Felistus aliacha chisense zake, vile visamaki vidogo, zikikauka mchangani Nchelenge, kando ya ziwa, akajifuta magamba mikononi, akaenda kushindanisha ndeke.

Ndeke yake, yaani eropleni yake, haikuwa na injini. Ilikuwa ya matete na karatasi ya mfuko wa sukari, na ilirushwa kwa kuvutwa na kamba ya wavu, wavuvi wakikimbia huku wakiimba. Raundi zilikuwa tatu. Ilitakiwa kukaa juu dakika sita na kutua ndani ya duara la majivu. Zawadi ilikuwa wavu wa nailoni. Wavu wa Felistus ulikuwa na matundu mengi kuliko nyuzi. Samaki walipita humo wakisalimia.

Mwamuzi alikuwa muzungu mwenye duka la samaki, aliyeitwa Bwana Saa kwa ajili ya saa yake. Mwaka uliopita ndeke ya karani wake, Kingsley, ilipotua, saa iliendelea kutembea. Ya Felistus ilipokuwa bado juu, saa ilisimama, kwa kuwa Bwana alipiga chafya.

"Bwana," Felistus akauliza mbele ya watu, "leo unasimamisha saa wakati gani?"

"Ndeke ikikanyaga muchanga, Mama. Kabla ya pale siinuki kwa hii kiti."

"Batu bote banasikia," akasema Katongo, mkubwa wa wavuta kamba.

Ndeke ya Kingsley ilitua nje ya duara. Bwana Saa akalisogeza duara kwa kiatu.

Ya Felistus ikapanda, ikakaa huko juu. Jumapili padri alihubiri ufufuko chini yake, akiongeza sauti kidogo tu. Mvua zikaisha, baridi ikaja, wavuvi wa kisiwa cha Chisenga wakazoea kuitazama ili wajue njia ya nyumbani. Bwana Saa alibaki kitini, maana alikwisha kusema. Felistus alimpelekea bukari, ule ugali wa kwao, na samaki kila siku. Mgeni ni mgeni. Ndege walitaga ndevuni mwake. Kiti kilitoa mizizi, halafu majani.

Mvua ziliporudi, ndeke ilishuka taratibu, ikatua katikati ya duara. Vigelegele vilisikika mpaka ng'ambo, Kongo. Hata Kingsley alipiga makofi.

Bwana Saa akasimamisha saa.

"Kutua, muzuri kabisa. Lakini sheria ni dakika sita. Yenye kuzidi, kila moja napunguza alama."

Alipunguza mpaka penseli ikaisha. Felistus akawa wa mwisho, chini hata ya waliovunja ndeke zao. Kingsley akawekewa wavu wa zawadi.

"Pole, Mama," Katongo akasema.

Felistus alikuwa anaipuliza ndeke itoke mchanga, akicheka.

"Pole ya nini? Ziwa lote limeona. Na raundi iko tatu, si ndo sheria? Shika kamba, baba."

Bwana Saa, aliyekuwa ameanza kuinuka, akaketi tena, akaanzisha saa.