Kifungo chenye Uzi Mweusi

Kiwandani walimwita Mzee Jicho, kwa sababu miaka kumi na tisa alichambua maharage kwenye mkanda bila kokoto kumpita. Wakubwa walipofunga kamera yenye akili bandia juu ya mkanda huo, ikawa kama wamemtemea mate usoni.

"Akili ya kubandika hiyo," alisema. "Kivuli kikipita tu, king'ora. Wakubwa wenyewe hawajui kokoto na maharage, mashine yao itajua nini?"

Wenzake walicheka, naye akazidi kunoga. Tangu afiwe na mkewe, kuwasema wakubwa ndiko kulikombakishia raha. Wa hospitali, wa kiwanda, wote aliwatia kapu moja.

Siku hiyo saa nne asubuhi king'ora kikalia, mkanda ukasimama.

"Haya, imeona mzimu tena!" Mzee Jicho akapaza sauti. "Mwiteni mganga!"

Msimamizi hakucheka. Akabonyeza, picha ikajaa kwenye skrini. Katikati ya maharage, kifungo cheupe cha shati, uzi mweusi unaning'inia. Chini yake, maandishi mekundu: KITU KIGENI.

Kicheko kikamkauka Mzee Jicho. Uzi ule aliujua. Mweupe uliisha, mkewe akakishonea kwa mweusi kwenye mkono wa shati. "Nani atakuchungulia mkononi, mtu mzima wewe?" alimwambia. Wiki iliyofuata akalazwa, na hakurudi. Amri ilikataza wazi kuvaa vifungo chini ya ovaroli, lakini amri ilikuwa ya wakubwa, na shati lilikuwa kumbukumbu ya mkewe. Alilivaa.

Polepole akauficha mkono wa kulia nyuma.

"Kimetoka upande wako, dada," msimamizi akamwambia mchambuzi wa upande wa pili wa mkanda. Huyo alikuwa shemeji yake Mzee Jicho, mdogo wa marehemu mkewe. "Ulionywa kwa hereni, ukaonywa kwa kucha za bandia. Hii ya tatu. Unajua mwisho wake."

Shemeji aliitazama picha. Akautazama uzi. Akamtazama Mzee Jicho mara moja tu, akainamisha macho.

"Nimesikia," akasema.

"Mzee Jicho, sema nao!" wenzake wakamchochea. "Waambie kamera yao mbovu!"

Akafungua kinywa. Na kweli, maneno hayo hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye ncha ya ulimi. Shemeji akaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja, kama anayempa nafasi.

"Changu," akasema Mzee Jicho. Akashusha zipu ya ovaroli, akauvuta mkono wa shati nje, ukaning'inia wazi mbele ya watu. "Kifungo changu. Kamera imeona sawa."

Laiti wangecheka.

"Ulikuwa unamwacha aondoke?" msimamizi akauliza.

Kwa wakubwa alikuwa na maneno gunia zima. Kwa swali hilo aliinamia mkono wa shati usio na kifungo.

Shemeji alivaa glavu zake tena. "Nenda kaandikishe kosa, shemeji," akasema bila kumtazama. "Kazi inatungoja."

Ofisini akaomba apewe kifungo chake. Msimamizi alikuwa ameshakifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuubandika karatasi.

"Kinabaki hapa, mzee. Kitu kigeni hakirudi kwa mtu."

Akaandika jina lake kwenye daftari la makosa herufi moja moja, mkono wa kushoto ukibana mkono wa shati uliokuwa wazi.