Maoni ya Mwisho ya Daroueche

Daroueche wa Mutsamudu na mimi wa Moroni, kila mmoja katika kisiwa chake kidogo, tulikuwa wagonjwa wa vitabu vya vita na vya kuishi porini. Tulibadilishana vitabu, na maoni yetu tuliyarekodi kwenye kaseti, tukawapa abiria wa meli.

Kaseti yake moja ikakamatwa bandarini na mamluki wa Kizungu waliokuwa wakimlinda rais wetu. Wakamsikia akieleza namna ya kuvamia kambi. Wajinga wakubwa! Alikuwa anakosoa kitabu cha vita vya zamani!

Aliposikia anatafutwa, akakimbilia msituni na kitabu nilichomwazima, cha kujificha porini. Wakampata upesi.

Mama yake aliruhusiwa kumwona gerezani mara moja, kabla hawajamuua. Akaniletea maoni yake: "Mwambie kitabu ni kizuri, ila kimeandikwa kwa watu wenye nchi kubwa."